Aliyeliliwa Mlangoni

Jambo la kwanza aliloliona Sidi lilikuwa kofia.

Ilikuwa Jumatatu, jua limesimama juu ya Chaani na mabati ya chumba cha gemu yakitoa milio midogo midogo kwa joto. Sidi alikuwa ameketi mbele ya skrini ya tatu, ile ya pembeni, akifanya kazi aliyopewa na Kefa, nayo ilikuwa ni kukaa tu. Kefa ndiye mwenye chumba. Alikuwa pia na chaneli yake ambako alihakiki gemu mpya kwa Kiswahili, na watu wa Mombasa, Tanga hadi Dar walimfuata. Safari hii alikuwa akihakiki gemu iitwayo Mji wa Taa, na alitaka kujua mtu asiyeshindana na yeyote mle ndani hukutana na nini.

"Wewe tembeatembea tu," alimwambia. "Ukichoka, simama. Halafu uniambie ulichoona."

Basi Sidi alitembeatembea. Mji wa Taa ulikuwa mji wa mawe kando ya maji meusi, na ukungu haukosi. Kila mchezaji alipewa nyumba yake, na juu ya mlango jina lake na taa yake. Mtu akiingia kwenye gemu, taa huwaka, akitoka huzimika. Mitaa iligawanywa kwa lugha, na katika mtaa wa Waswahili ungewasikia watu wa kila pwani na kila bara wakiongea kwa pamoja. Lakini sauti hazikuwa na majina. Zilikuja tu kutoka upande fulani wa ukungu, na ungeweza kuongea na mtu nusu saa usijue ni yupi kati ya wale waliosimama.

Kulikuwa na nyumba moja yenye mlango wa kijani. Juu yake paliandikwa Mwende. Kila aliyepita pale alivua kofia. Kwenye nyumba nyingine walipita wakikimbia, wakisukumana, wakirushiana maneno, ila wakifika mlango wa kijani wote walinyamaza, kofia chini, kisha wakaendelea na mambo yao hatua kumi mbele.

Sidi akasema moyoni, huyu lazima ni mtu mzima, mwenye heshima zake. Akatafuta kitufe, akavua na yeye, na hata pale alipokaa peke yake mbele ya skrini akainamisha kichwa kidogo. Mwanamke wa gauni la kahawia aliyesimama mlangoni akageuza uso akamfuata kwa macho mpaka alipopinda kona. Hakuitikia salamu.

Sidi alikuwa na miaka ishirini na mbili. Shule aliiacha darasa la sita, mama yake alipougua, kule Kaloleni. Rosalia, mke wa Kefa, alimwona akifagia kanisa, akampenda kwa ukimya wake, akamleta afanye kazi chumbani: kufuta pedi za kuchezea, kusafisha hedifoni, kushika simu Kefa anaporekodi. Wateja wengine walidhani ni bubu. Hakuwa bubu. Alikuwa na haya tu, haya ya kumfanya azibe mdomo kwa kiganja hata anapopiga miayo peke yake.

Jumanne saa nne asubuhi aliwasha skrini ya tatu, akavaa hedifoni, na macho yalikuwa hayajauzoea ukungu aliposikia kilio.

Kwao Sidi kilio hakiulizwi. Mtu akipita njiani akasikia wanawake wanalia katika mji usio wake, huweka kuni zake chini, hushika kichwa, huingia analia. Kuuliza ni nani na amekufaje ni baadaye, chozi likishaanguka. Anayeuliza kwanza huambiwa ana moyo wa jiwe, au husemwa pembeni kwamba pengine ndiye aliyeroga. Bibi yake alimfunza hivyo tangu hajaota meno ya pili. Na sauti katika hedifoni zilikuwa zikiita, "Mwende wee, Mwende wee, umetuacha na nani," na watu ishirini au zaidi walikuwa wamesimama mbele ya mlango wa kijani, kofia mkononi. Chumbani hakukuwa na mtu mwingine. Sidi akabonyeza kitufe cha kusema, akafumba macho, akalia.

Hakulia kama wale. Alilia kilio cha kwao, kwa Kigiriama, kile kinachoanzia tumboni na kupanda polepole, kinachomtaja aliyekufa kwa jina, kikautaja mlango wake na taa yake, kikawauliza waliobaki ni nani sasa atakayemfungulia mgeni. Yeye ambaye akitumwa dukani sauti humpotea kabla hajafika, alilia mpaka koo likawa kama limepitishwa kisu. Zile sauti nyingine zikapungua, moja baada ya nyingine, zikaisha. Mtaa mzima ulinyamaza ukimsikiliza.

Alipofumbua macho, taa ya mlango wa kijani ilikuwa imezimika. Watu wote walikuwa wamegeuza nyuso huku na huku, wakitafuta sauti imetoka wapi. Sidi akavua hedifoni akaiweka mezani taratibu.

Kulikuwa na jambo moja katikati ya kile kilio, jambo la pumzi mbili tatu tu, ambalo alilifukia palepale na hakulitazama tena.

Adhuhuri akaja Lenox. Lenox aliandika namba za malori katika yadi moja huko Miritini, na alikuwa mcheshi wa kila mtu, kijana ambaye akiingia mahali hata waliokasirika husogea ili apate nafasi.

"Kefa, buda, umekosa," alisema kabla hajaketi. "Leo tumezika."

"Mmezika nani?"

"Mwende. Yule wa Frere Town, anayejifanya mwalimu mkuu. Mtu akitukana kidogo, 'Jamani, humu kuna watoto.' Mtu akimpora mgeni mafuta ya taa, 'Jamani, si vizuri.' Tukakubaliana kwamba huyu basi amefariki. Tangu juzi hakuna anayemjibu. Akiongea tunaulizana, 'Umesikia upepo?' Tukipita kwake, kofia chini. Leo ndiyo tukamfanyia matanga kamili."

Kefa alicheka puani. "Na yeye alikuwepo?"

"Si ndio utamu wenyewe? Amesimama mlangoni kwake, anasikiliza matanga yake. Wale watatu tuliowazika kabla yake walihama siku hiyohiyo, taa zao hazijawaka tena. Huyu alikuwa mgumu. Halafu, manze, akatokea mama mmoja." Lenox akashusha sauti, na kicheko kikamtoka usoni kidogo. "Mama wa kweli. Sijui wa Kilifi, sijui wa wapi. Alilia mpaka nywele zikanisimama. Mimi nilivua hedifoni nikaenda dirishani nikiangalia kama ni kwa jirani."

"Mama gani?"

"Nani ajue? Mle sauti haina mwenyewe. Tunamtafuta awe mliaji wetu."

Sidi alikuwa amechuchumaa akifuta pedi kwa kitambaa. Aliendelea kuifuta ileile mpaka Kefa akamwambia, "Sidi, hiyo imeshang'aa."

"Huyu naye," Lenox akasema, "nyumba ikiungua atanyoosha kidole tu, tutafute wenyewe moto uko wapi."

Wakacheka. Sidi akacheka pamoja nao nyuma ya kiganja, kwa sababu kutocheka kungewafanya wamwangalie.

Kwa hiyo hakuna aliyekufa. Hilo alilibeba kifuani siku nzima. Bibi yake alikuwa akisema kwamba kumlilia aliye hai ni kumwonyesha kaburi, na kaburi likishaonyeshwa mtu halisahau sura yake. Sidi alijiambia kwamba hayo ni maneno ya wazee, na kwamba mji wenyewe si mji, ni picha ndani ya kioo.

Jumatano saa nne taa ya mlango wa kijani iliwaka.

Mwende alikuwa amerudi, lakini hakusimama kama zamani. Aliipa barabara mgongo, uso ameuelekeza kwenye mlango wake mwenyewe, karibu sana, kama mtu aliyefika nyumbani akakuta kufuli imebadilishwa.  Saa sita taa ikazimika. Alhamisi ikawa vilevile, tangu saa nne hadi saa sita, bila kusogeza hata mguu. Watu walivua kofia na kupita haraka kuliko kawaida.

Ijumaa Sidi alijipa moyo, akasogea mpaka karibu na kizingiti. Sikio la kushoto likapata mvumo mdogo. Mtu alikuwa anaimba karibu bila kufungua mdomo. Ilimchukua muda kuutambua wimbo, maana ni vigumu kuitambua sauti yako inapotoka katika koo la mwingine. Kilikuwa kilio chake. Kila mpando, kila pumziko, pale alipovuta na pale alipokata. Mwende alikuwa Mkamba aliyezaliwa Frere Town, Kigiriama hakukijua, na maneno yalimvunjikia mdomoni. Ila jina lake mwenyewe alilitia mahali palepale Sidi alipolitia, kwa uzito uleule.

Mchezaji mpya akaja, kofia yake bado ya rangi ya kuanzia. "Dada, samahani, mafuta ya taa hupatikana wapi?"

Mvumo ukakatika.

"Usisimame hapo," Mwende alisema. Sauti yake ilikuwa ya upole, sauti ya mtu anayemwonya mwenzake asikanyage maji. "Hapo amekufa mtu."

"Nani?"

"Mimi."

Yule mgeni akacheka, akasita. Kisha akaondoka kinyumenyume, na kabla hajaingia ukunguni akavua kofia, ingawa hakuna aliyemfunza.

Jumamosi Rosalia alileta chakula cha mchana, wali na samaki wa nazi, wakala wote watatu sakafuni. Kefa alikuwa na karatasi zake mkononi, anasoma huku anatafuna. Uhakiki ungetoka moja kwa moja Jumatatu saa nne, na alikuwa amekwisha andika alama: tisa kwa kumi.

"Kaka Kefa," Sidi alisema.

Wote wawili waliacha kutafuna. Haikuwa kawaida.

"Yule dada bado yuko. Mwende. Anasema amekufa."

Akaeleza aliyoyaona, kwa sauti ya chini, akiangalia sahani. Akaeleza kila kitu, ila ni nani aliyelia. Alipomaliza, Rosalia alimgeukia mumewe.

"Na hilo umeliandika humo?"

"Niliandike la nini? Mimi nahakiki gemu, sihakiki watu. Gemu ni maji, ni mwanga, ni muziki, ni kama inakwama au haikwami. Waliotengeneza huu mji hawakumzika mtu."

"Mtu akikuuliza kuhusu nyumba ya kupanga," Rosalia akasema, "utamwambia rangi ya ukuta? Choo kimoja, vyumba sita, majirani wote wachawi, wewe umwambie tu ukuta ni buluu, umepakwa vizuri?"

"Majirani huhama, mama. Nikisema leo mtaa ni mbaya, mwezi ujao wamekuja wengine wazuri, maneno yangu yanabaki yakiwasingizia. Maji yatakuwa maji yaleyale."

"Na mwezi huu? Watu wako wataingia huko Jumatatu hiihii, wewe ndiye umewafungulia mlango."

"Kisu hakishtakiwi kortini, Rosalia."

"Kisu hakina kitufe cha kuvua kofia. Hao waliotengeneza waliwapa watu namna ya kuvua kofia, wakawaficha majina. Je, walimpa huyo dada namna ya kuufunga mlango wake asisikie?"

Kefa akafikiri. "Hawakumpa," alikiri. "Kuna kitufe cha kushtaki tusi. Lakini hakuna aliyetukana. Kulia si tusi."

"Mzaha mzaha hutumbuka usaha," Rosalia akasema, akakusanya sahani.

Jumapili, walipotoka kanisani, Kefa alimpigia Lenox simu aje, akaketi mwenyewe mbele ya skrini. Mchana ulikuwa mweupe, watoto wanacheza nje, trela zinapita kwenda bohari zikitikisa vikombe. Rosalia aliketi pembeni, na Sidi alisimama mlangoni na ufagio. Kefa alikuwa ameiachia sauti itoke kwenye spika ili wote wasikie.

Taa ya mlango wa kijani ilikuwa inawaka, ingawa saa sita ilikuwa imepita. Mwende alikuwa palepale.

Lenox akakohoa. Alikuwa hana mzaha siku hiyo. "Mwende, dada yangu. Ni Lenox. Ile ilikuwa mchezo tu. Sasa tumekufufua, sawa? Karibu tena. Hakuna kofia tena."

 Kisha ile sauti ya upole.

"Umesikia upepo?"

Lenox alitazama chini. Kefa akamwondoa, akajaribu yeye. "Dada Mwende, naitwa Kefa, niko Chaani. Nisikilize. Niambie unakaa wapi, mke wangu aje akuone tu, akusalimie."

"Upepo umezidi leo," Mwende alisema, bila kumwambia mtu. "Tangu Jumanne sijaenda kazini. Wanapiga simu. Marehemu hapokei simu. Chakula nilikipika, kikanuka, nikakumbuka sikihitaji. Kesho ni siku ya saba. Siku ya saba matanga huondolewa, na aliyeliliwa huenda zake. Hawa wote walikuwa wanacheza. Ni mmoja tu aliyejua kwamba nimekufa. Alinililia kwa jina. Namngoja huyo. Akiniita nitageuka. Asipokuja, nitakwenda mwenyewe."

Akaanza tena ule mvumo. Kwenye spika ulijaa chumba chote. Lenox alitoka nje akasimama juani.

Kefa akazima sauti. Alikuwa amebadilika rangi ya midomo. "Anaenda wapi?" aliuliza. "Ina maana gani, anakwenda mwenyewe?"

Wote walikuwa wameelewa. Rosalia alisema kesho alfajiri atakwenda Frere Town na kina mama wenzake wa kanisa, wapite nyumba kwa nyumba.

"Frere Town ina akina Mwende wangapi?" Kefa aliuliza.

"Tutajua tukifika."

"Kama tungempata yule mama," Kefa alisema. "Yule mliaji. Anasema atamsikia yeye tu."

Sidi alifungua mdomo. Ulimi ulikuwa pale, meno yalikuwa pale, na neno lilikuwa limefika kwenye meno. Halikutoka. Akainama akaendelea kufagia mahali palipokuwa safi.

Jumatatu Rosalia aliondoka asubuhi na mapema. Saa tatu na nusu alipiga simu: walikuwa wameona akina Mwende wanne, wote wazima, wote hawajui lolote la Mji wa Taa. Walikuwa wakiendelea.

Saa nne kamili Kefa alikaa mbele ya simu. Sidi aliishika kwa mikono miwili kama kawaida, akiielekeza usoni mwake na kwenye skrini kubwa nyuma yake. Watazamaji walikuwa wanaingia kwa mamia. Kefa alianza vizuri, kwa mazoea. Alieleza maji meusi na jinsi mwanga wa taa unavyolala juu yake. Alieleza muziki. Kisha akafika mahali akaiangalia karatasi yake muda mrefu kupita kiasi.

"Hapa niliandika kwamba watu si sehemu ya gemu," alisema. "Niliipa tisa. Ngojeni. Tutazame mtaa mmoja."

Akaigeuza picha kwenye mlango wa kijani.

Ukungu ulikuwa umejaa watu. Lenox alikuwa amewaita wote waliokuwepo Jumanne, na wengine waliosikia habari walikuja pia, mia au zaidi, wamepanga mistari miwili tangu mlangoni hadi majini. Safari hii walikuja kumwomba abaki, lakini hawakujua mtu husimamaje mbele ya jambo kama lile, na wote walikuwa wamevua kofia.

Taa iliwaka. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne Mwende alikuwa ameelekea barabarani. Akatembea katikati ya ile mistari miwili, polepole, na mvumo wake ukatembea naye. Wakamwita. "Mwende, rudi." "Dada, tusamehe." Sauti zilikuwa nyingi, hazina wenyewe, na yeye alipita kati yake kama mtu anayepita kichakani siku ya upepo.

Mwisho wa mtaa palikuwa na ngazi za mawe zinazoshuka majini. Katika Mji wa Taa, anayeshuka ngazi hizo mpaka mwisho hufutika, yeye na nyumba yake na jina lake, hawezi kurudi. Mwende alikanyaga ngazi ya kwanza. Na Mwende mwenyewe, mtu asiyejulikana kwa sura na yeyote kati yao, katika chumba cha mahali fulani Frere Town ambako kina mama walikuwa hawajafika, alikuwa ameketi na mlango umefungwa, anabonyeza.

Ngazi ya pili.

Sidi aliiweka simu mezani, akaiegemeza kwenye birika. Picha ikalala upande. Kefa aligeuka. "Sidi, simu," alisema, kisha akaona anakwenda wapi. Hakuigusa simu. Watu elfu na zaidi walikuwa wakitazama chumba kilicholala ubavu, na msichana wa leso ya manjano akiketi mbele ya skrini ya tatu na kuvaa hedifoni.

"Mwende," Sidi akasema.

Sauti ilitoka kama uzi. Haikufika popote.

"Mwende."

Mmoja katika ukungu akasema, "Ni yeye. Ni yule." Sidi akamtambua Lenox. Kisha mtaa ukanyamaza wote, ukimya uleule wa Jumanne, ule aliokuwa ameuogopa siku saba na, Mungu amsamehe, ameukumbuka siku saba. Ngazi ya nne. Maji yalikuwa kwenye pindo la gauni la kahawia.

Akavuta pumzi kutoka tumboni, pale kilio kinapoanzia. Hakulia.

"Mwende," aliita mara ya tatu, kama mtu anavyomwita ndugu yake aliye uani.

Gauni la kahawia likasimama. Mvumo ukakatika katikati ya jina.

"Abee," ikasema sauti.

Haikuwa ile sauti ya upole ya siku zote. Ilikuwa sauti iliyokauka, ya mtu ambaye hajanywa maji, iliyoitika kabla mwenyewe hajajua inaitika. Kisha akasikika akipumua, haraka haraka.

"Naitwa Sidi," Sidi alisema. "Niko Chaani, kwa Kefa, kwenye chumba cha gemu. Mimi ndiye niliyekulilia. Sikujua ni mchezo. Kwetu kilio hakiulizwi, nilisikia watu wanalia nikaingia. Hujafa. Mimi ndiye niliyekosea. Nilikulilia bure."

Kefa alikuwa amesimama, mkono kwenye kiti. Mwende hakupanda wala hakushuka.

"Ulinililia vizuri," alisema. "Aliyekosea halii vile. Wewe ulijua."

Hapo Sidi angeweza kusema hapana. Nusu ya aliyoyasema ilikuwa kweli, na watu wote wale wangeikubali. Alisikia trela ikipita nje, vikombe vikitetemeka, birika likigusana na simu. Akaziba mdomo kwa kiganja, kisha akakiondoa, akakiweka gotini, na kingine akakiweka juu yake kukishikilia.

"Nilipokuwa katikati," alisema, "nilikusikia. Ulisema, 'Mama, niangalie, mimi ni mzima.' Nilikusikia vizuri, dada, ulikuwa karibu na sikio langu. Nilijua uko hai. Nikaendelea kulia, kwa sababu watu wote walikuwa wamenyamaza wananisikiliza, na mimi sijawahi kusikilizwa na mtu."